Bi Tabu Akagua Hoteli ya Fungate

Pale Temeke Mikoroshini, mtu akitaka kumuuzia Bi Tabu kitu alijiandaa kwanza. Mafuta ya nazi aliyanusa, akayadondoshea kidoleni, akayanusa tena. Mchele aliutafuna mbichi. Kuku alimpuliza manyoya ya tumboni aione ngozi, halafu akamtazama machoni kana kwamba kuku mwenyewe ana la kuficha. Wauza mkaa walimpachika jina la Bi Hakikisha. Jina lilimfikia na hakulikataa.

"Nchi imefunguliwa milango," alikuwa akisema. "Mitumba inaingia, mafriji ya Dubai yanaingia, na waongo nao wanapita humo humo."

Asubuhi alichoma vitumbua barazani kwake. Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka Tandika si vitumbua, ni usomo. Msichana akikaribia kuolewa, mama yake alimwendea Bi Tabu. Yeye ndiye aliyemweka ndani, akamsinga kwa liwa, akamfunda, na ndoa ikishafungwa alihamia naye kwenye fungate. Siku zote saba somo analala chumba cha pili, ukuta mmoja tu baina yake na maharusi. Usiku wa kwanza, kabla taa haijazimwa, Bi Tabu alikohoa mara moja, kikohozi kikavu. Bibi harusi akikisikia alijua: somo wangu yupo, nikigonga atakuja.

Wengine walimcheka kwa kikohozi hicho kwa kuwa hawakujua kilikotoka. Yeye alipoolewa, somo wake alifikiwa na msiba Kisarawe jioni ile ile ya harusi, akajifunga kanga akaondoka. Mume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzima, na hakujua kusubiri. Tabu alilala ameuelekezea ukuta sikio, akingoja mtu akohoe upande wa pili. Hakukohoa mtu. Baadaye waliishi vizuri tu, wakazaa, wakazeeka pamoja mpaka Mungu akamchukua mzee. Lakini ule ukuta uliokaa kimya Bi Tabu hakuusahau, na akaapa kwamba msichana atakayepita mikononi mwake hatalala hivyo.

Basi siku moja jirani yake Mama Lulu, ambaye binti yake Lulu alikuwa karibu kuolewa na kijana Twalib, akaja, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuchezea ncha ya kanga.

"Shoga, kuna neno."

"Liteme. Naona linakuwasha."

"Twalib anataka fungate ikaliwe hotelini."

Bi Tabu akageuza kitumbua taratibu. "Hoteli gani?"

"Inaitwa Mkunguni. Unaipita Tegeta, halafu unakata njia ya kwendea Mbweni."

"Huko porini?"

"Si pori, ni pwani. Wazungu walikuwaga wanakwenda sana."

"Walikuwaga. Na sasa kimewafukuza nini?"

Mama Lulu akaliruka hilo. Alikuwa na mengine. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imejaa wapangaji chumba hadi chumba, na yeye na Lulu walikuwa wamebanana kwenye kijumba cha uani. Twalib naye alikuwa amepanga chumba kimoja Mwananyamala, choo cha watu wote na ukuta wa mbao. Kijana alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi, na pale hotelini ndiye waliyemwita kila kitu kilipokufa. Meneja akamwambia, ukioa, chukua chumba kikubwa wiki nzima, viko wazi tu.

"Mwanamume anayekutoa mbali na kwenu," Bi Tabu akasema, "ama anakuficha wewe, ama anamficha mwingine."

"Usiseme hivyo. Mtoto kampenda mwenzie."

"Mie nimesema nini? Nyumba njema si mlango, ingia ndani. Nitakwenda niingie. Nikikataa je?"

Mama Lulu akashusha pumzi. "Ukikataa, harusi itangoja mpaka nipate chumba. Na sijui nitakipata lini. Lakini neno ni lako, mie simtoi mwanangu bila wewe."

Uani kwa Mama Lulu, cherehani iliyokuwa ikilia tangu asubuhi ikanyamaza. Lulu alikuwa mwali, ameshawekwa ndani, haonekani barazani, lakini masikio yake hayakuwekwa ndani.

*

Twalib alimfuata Bi Tabu na pikapu. Shati limepigwa pasi, ndevu zimechongwa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Gari la nani hili?"

"La rafiki yangu, Khalfani."

"Anajua kama unalo?"

Twalib akacheka. Bi Tabu hakucheka. Akapanda, akaweka mkoba wake magotini, na njia nzima alitazama mikono ya kijana kwenye usukani. Mikono safi kupita kiasi kwa fundi, aliona. Mtu haoshi mikono hivyo bila sababu.

Hoteli ya Mkunguni ilikuwa ya ghorofa moja juu ya chini, imejinyoosha baina ya mikungu iliyoipa jina. Zamani ilikuwa ya shirika la umma. Shirika lenyewe lilikuwa limekufa, na hoteli ilikaa ikingoja mnunuzi, na waliobaki kazini wakingoja pamoja nayo. Rangi nyeupe ilikuwa imeota madoa ya ukungu yenye umbo la ramani. Bwawa la kuogelea lilikuwa na majani makavu na mjusi mmoja aliyekaa katikati kama mwenye mali. Lakini kaunta ya mapokezi ilikuwa ya mninga mtupu, na mtu fulani alikuwa bado anaisugua kwa nta mpaka inarudisha sura yako.

"Umeona, somo? Kitu cha zamani hicho," Twalib akasema.

"Naona. Na saa ile ukutani ilikufa lini?"

Aliyewapokea ni mhudumu wa vyumba, msichana mwembamba, sare imechakaa lakini kola imesimama. Akajitaja kuwa ni Demetria. Alimwamkia Bi Tabu kwa kupiga goti kidogo, kibara, kisha akamtazama Twalib mara moja na kuinamisha macho haraka. Bi Tabu akalichukua lile la macho akaliweka.

Wakapanda juu. Ngazi zilikuwa za terazo, baridi chini ya miguu, hazina ufa hata mmoja. Hilo jema. Kitasa cha mlango kilizunguka bure mpaka Demetria alipokiinua kidogo kwa goti. Hilo baya. Ndani kulikuwa na sebule yenye makochi ya kitambaa kilichopaukia upande wa dirisha, jiko dogo kando, na vyumba viwili vya kulala.

"Hii ndiyo wanaita swiiti," Twalib akasema kwa fahari. "Ni kama nyumba kamili. Hoteli za siku hizi huzipati hivi, wanakupa kichumba kama sanduku."

"Jiko la nini hotelini? Si watu wanapikiwa?"

"Wageni wa zamani walikuwa wanakaa miezi."

Bi Tabu akaanza kazi. Alifungua bomba: likatoa maji ya rangi ya chai, yakawa meupe baadaye, akayaonja, yana chumvi. Alikaa kitandani, akajirusharusha, akainua godoro kuangalia kunguni. Hakuna. Mashuka yalikuwa na viraka, lakini viraka vimeshonwa vizuri na shuka linanukia jua. Kabati lilikuwa na mlango unaoning'inia bawaba moja. Dirisha la vipande vya vioo lilikosa vipande viwili, na mahali pake pamewekwa kadibodi. Lakini upepo wa bahari uliingia huku ukatokea kule, ukapita juu ya kitanda kama mtu anayekupepea.

"Washa hicho kiyoyozi."

Twalib akabonyeza. Kimya.

"Leo mgao wa umeme, somo."

"Na siku ya harusi?"

"Kuna jenereta."

"Linafanya kazi?"

"Linafanya, likiwa na dizeli."

"Na mie nakimbia mbio nikiwa na miguu ya binti yangu."

Demetria akaachia kicheko, akakiziba kwa kiganja. Bi Tabu akamtazama. Anacheka kama mtu wa nyumbani huyu, akawaza. Akaenda kwenye chumba cha pili. Kitanda kidogo, meza, kioo. Kilipakana na kile cha kwanza, mlango mmoja baina yao.

Chumba cha pili. Kijana wa mambo ya hotelini hamkumbuki somo; mtu anaoa mke mmoja, chumba cha pili cha nini?

Akaliweka na hilo. Alikwenda jikoni. Na huko, chini ya beseni, nyuma ya ndoo, akaiona mbuzi ya kukunia nazi. Akaigusa meno yake. Yana unyevu. Vipande vya nazi vibichi bado vimeng'ang'ania, na ndani yake vumbi la kahawia la kifuu, kama aliyekuna hakujua pa kukomea. Bi Tabu akanyanyuka, akafungua mlango wa bafu. Kwenye kamba kulikuwa na kanga inayodondosha maji. Kando yake, fulana ya mtoto, ndogo, upana wa kiganja.

Moyo wake ukafanya kazi upesi. Hotelini hakuna anayekuna nazi. Hoteli haifui fulana za watoto. Humu kuna mwanamke anaishi, na kijana ana ufunguo wa kuingia humu atakavyo. Ndiyo maana mbali. Ndiyo maana pori. Lulu alikuwa analetwa kwenye nyumba ya mwenzie.

"Twalib, baba," akasema kwa sauti tamu kama asali, "nenda kaniletee maji ya kunywa. Haya ya bomba yana chumvi."

Twalib akatoka. Bi Tabu akafunga mlango, akauegemea.

"Haya, binti. Mwenye fulana ile ni nani?"

Demetria akawa wa rangi ya majivu. "Mama, nakuomba usimwambie meneja."

"Meneja simjui. Nauliza mtoto wa nani."

"Wangu."

"Nimeona. Na baba yake?"

"Yuko Bukoba. Yaani... aliondoka kwenda Bukoba, hajarudi." Machozi yalianza kumlenga. "Wageni hawaji, mama. Chumba kinakaa miezi. Ninapolala mie pananyeshewa, mtoto alikuwa anakohoa. Nikasema nimpikie hapa, nimfulie hapa, nikimaliza nasafisha. Wakijua, kazi sina."

"Na Twalib anajua?"

"Anajua. Ndiye alinitengenezea jiko hilo."

Lo! Bi Tabu akatikisa kichwa. Amemtengenezea na jiko! "Mtoto yuko wapi?"

Alikuwa kwenye stoo ya mashuka, mwisho wa ukumbi, ndani ya tenga la nguo, amelalia foronya. Mtoto mnene wa kama mwaka, anaitwa Projestus. Alipoinuliwa alifumbua macho, akamwangalia Bi Tabu bila haraka, kisha akashika pete yake. Bi Tabu akamchunguza paji, akamchunguza masikio, akamgeuza akatazama na kisogo. Sura za watoto zinadanganya. Mtoto wa mwaka anafanana na kila mtu. Lakini kuna kitu kisichodanganya.

Walikuwa wamerudi naye jikoni Twalib alipoingia na chupa ya maji. Kabla hajasema neno, Bi Tabu akampachika mtoto mikononi.

"Mshike."

"Nani, mie?"

Projestus akamtazama Twalib. Mdomo ukapinda, kifua kikajaa, kisha ukatoka ukelele uliomfanya mpishi atokeze kichwa chini uani. Akarusha mateke, akajikunja nyuma kama upinde, akanyoosha mikono kwa mama yake huku kamasi zikimpaka Twalib shati lote lililopigwa pasi. Twalib alikuwa amemshika mbali na kifua, viwiko vimekakamaa, kama amebeba mtungi wa gesi unaovuja.

"Somo, nifanyeje? Somo! Mchukue basi!"

Bi Tabu aliangalia kwa utulivu mpaka aliporidhika. Mtoto aliyezoea mtu halii hivyo. Na mwanamume aliyewahi kumbeba mtoto wake hamshiki namna ile, hata aigize.

"Mpe mama yake."

Demetria akampokea mwanawe, na kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Twalib akabaki anajifuta kwa mkono. Pole pole mambo yakamwingia, akatazama mbuzi iliyoburutwa katikati ya jiko, akatazama kanga, akamtazama Bi Tabu.

"Somo! Ulidhani mie na..."

"Mie sijadhani. Mie nimepima. Na bado sijamaliza. Niambie kile chumba cha pili ni cha nani."

Twalib alimkodolea macho, kama aliyeulizwa jina la mji anaoishi.

"Chako."

"Changu?"

"Lulu alisema hatoki kwao bila somo kulala chumba cha pili. Ndiyo maana nimeng'ang'ania hoteli hii mbovu. Kule mjini kuna hoteli mpya zinang'aa, lakini zina chumba kimoja kimoja. Ningekulaza wapi, koridoni?"

Bi Tabu akafungua chupa, akanywa maji kidogo ingawa hakuwa na kiu. Akatazama nje, kwenye bwawa la mjusi. Halafu akakumbuka kwamba maneno mazuri ndiyo ya kuogopwa zaidi.

"Demetria, mwanangu. Mwache mtoto na mie. Ingia chumba cha pili, kaa kitandani, nikisema sasa, kohoa. Mara moja tu, usitie mbwembwe. Na wewe Twalib, funga huo mlango wa katikati."

"Haufungi, somo. Umevimba kwa chumvi. Siku ya harusi nitakuwa nimeupiga randa, usijali."

"Ubane kwa bega."

Twalib akausukuma kwa bega mpaka ukabana. Bi Tabu akakaa kwenye kitanda kikubwa, upande wa ukutani, pale atakapolala Lulu. Projestus magotini kwake.

"Sasa!"

Kimya. Upepo tu kwenye vioo.

"Umekohoa?"

Hakujibiwa. Akapaza sauti zaidi, ndipo kwa mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, akasikia, "Nimekohoa, mama!"

Bi Tabu akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta mnene, wa enzi ya waliojenga bila kubania saruji. Pale nje alikuwa ameuhesabu kuwa sifa kubwa kupita zote za hoteli ile. Sasa akauwekea kiganja, akahisi baridi yake, na kwa muda hakuwa Mkunguni. Alikuwa kwenye chumba kingine, msichana mwingine, sikio ukutani.

"Hapana," akasema. "Hapa silazi mtoto wa mtu."

"Somo!" Twalib aligeuka kwa mshtuko, na bega likaacha kazi yake. Mlango ukajiachia wenyewe, ukarudi nyuma upana wa vidole viwili, ukasimama.

Kutoka chumba cha pili Demetria, aliyedhani bado anasubiriwa, akakohoa tena.

Kikohozi kikaingia chumbani wazi wazi, kikavu, kama mtu amekaa ukingoni mwa kitanda. Hata mtoto akageuza kichwa kumtafuta mama yake.

Bi Tabu akamnyamazisha Twalib kwa mkono. "Kohoa tena!" Kikaja tena. "Taratibu zaidi!" Kikaja, chepesi, lakini kikaja. Akanyanyuka, akaupapasa ule mlango ukingoni ambako mbao zilikuwa zimeumuka. Akausukuma, ukakataa. Akauvuta, ukarudi pale pale pa vidole viwili.

"Bomba utalitengeneza," akasema. "Vioo viwili utatia. Kabati, bawaba. Kitasa cha nje, maana hicho cha kuinua kwa goti ni aibu kwa bibi harusi. Huu mlango utauacha."

"Nitauacha vipi? Somo, ni fungate! Mlango wazi?"

"Vidole viwili ni wazi?"

"Ni... somo, kwani wewe hukuwahi kuwa bibi harusi?"

"Nilikuwa," Bi Tabu akasema, na namna alivyolisema ilimfanya kijana ashushe macho. Kisha akamhurumia. "Tia pazia. Zito, utakalo. Mie nikishakohoa nageukia ukuta, na usingizi wangu ni wa gogo, waulize Temeke nzima. Lakini mlango haupigwi randa."

Twalib akakuna kichwa. Akajaribu la mwisho. "Si mama mkwe alisema wewe ndiye uliyesema nyumba njema si mlango?"

"Kwa hii, baba, mlango ndio nyumba."

Walipokuwa wanatoka, Bi Tabu alirudi jikoni, akamwita Demetria pembeni. Akamwonyesha mbuzi. "Nazi haikunwi mpaka kwenye kifuu, mwanangu, unamlisha mtoto vumbi. Komea kwenye nyeupe. Na wiki ile usimhamishe mwanao, mpikie hapa hapa na mie. Akiuliza meneja, ni mjukuu wangu."

*

Temeke walifika alasiri. Mama Lulu alikuwa amesimama barazani kwake muda gani, Mungu ajuaye.

"Ikoje?"

"Mbovu," Bi Tabu akasema. "Maji yana chumvi, kiyoyozi ni pambo, bwawa lina mjusi. Kitanda kizuri. Upepo mzuri. Kijana mwenyewe... nimemtazama. Sijamaliza kumtazama."

"Kwa hiyo umekataa?"

Bi Tabu akapita ukumbini mpaka uani. Cherehani ilikuwa kimya, na nyuma ya ukuta wa udongo wa kile kijumba alijua binti amekaa hajiwezi kwa hofu. Akasimama upande huu wa ukuta. Akakohoa, mara moja.

Kwanza hakikusikika kitu. Halafu ndani, katikati ya kicheko na kilio, Lulu naye akakohoa.

Siku chache baadaye Bi Tabu alipokuwa anafunga mzigo wa fungate, liwa, udi, kanga za kubadilisha, mafuta ya nazi yaliyonuswa mara mbili, Mama Lulu alimwona anainama barazani, anachagua figa dogo kwenye jiko la vitumbua, analipangusa masizi na kulitia kwenye mkoba.

"Jiwe la nini tena, shoga? Huko kuna jiko."

"La kuzuilia mlango usifungwe," Bi Tabu akasema. "Twalib aliapa hataupiga randa. Lakini fundi ni fundi."